Kujenga ni Mwaka Mmoja, Kutunza ni Miaka Yote

(Maneno yaliyotolewa na mwanachama anayefanya kazi ya kusimamia nyumba za kupangisha Dar es Salaam, kwenye mkutano wa mwaka wa kuchangia ujenzi wa nyumba za walimu nyumbani Ulyankulu)

 

Mwenyekiti aliponipigia simu aliniambia, "Wewe unashughulika na majumba ya watu kila siku. Njoo utuambie kitu kabla hatujatoa hela za nyumba ya walimu." Nilikubali, kwa sababu kwenye kazi yangu nimeona nyumba nyingi zilizojengwa kwa jasho zikaharibika kwa kukosa mtu mmoja wa kuzitazama. Sitaki ya kwetu iwe mojawapo. Nitaeleza kazi yenyewe, niseme niliyojifunza humo, halafu niseme ninachokiomba kwenu leo.

KAZI YENYEWE NI IPI

Watu wengi wakisikia ninasimamia nyumba za kupangisha, wanadhani mimi ni dalali. Dalali anamkutanisha mpangaji na mwenye nyumba, anachukua chake, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja, na kazi yake imekwisha. Kazi yangu inaanza pale ya dalali inapoishia. Mwenye nyumba yuko Oman, au yuko Marekani, au ni mama mjane anayeishi mtaa wa pili ambaye hataki kugombana na wapangaji. Ananikabidhi funguo na daftari. Kuanzia hapo mpangaji akiingia, akiishi na akitoka, mimi ndiye ninayeulizwa.

Simu za asubuhi ni hizi: maji yamekatika. Choo kimeziba. Mpangaji wa chumba cha tatu amepika kwa jiko la umeme usiku kucha na LUKU imeisha, nani alipe? Geti limeachwa wazi. Mtoto wa jirani amevunja kioo. Saa nne niko dukani natafuta koki, saa sita niko ofisi ya serikali ya mtaa napeleka mkataba ukagongwe muhuri, saa tisa nimesimama juu ya chemba nikisubiri gari la kunyonya majitaka. Jioni naandika. Kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka inaandikwa na kuambatanishwa na risiti, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anatumiwa hesabu yake kwa simu. Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Msione kazi hii ni ya mjini peke yake. Sisi wa nchi ya Tabora tuna historia nayo ndefu kuliko watu wengi. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, walikaribishwa katika tembe ambalo mwenyewe alikuwa amerudi Zanzibar. Nyumba iko Unyamwezi, mwenye nyumba yuko pwani, mgeni analala ndani. Aliyewahudumia ni mfanyabiashara mmoja, Snay bin Amir, ambaye aliwapokelea mizigo yao, akaipangia ghala na kuwatafutia watu wa safari. Stanley naye, mwaka 1871, alikaa kwenye tembe la Kwihara, na mwaka uliofuata Livingstone alikaa hapo miezi kadhaa akingoja vifaa kutoka pwani. Mji mzima wa misafara uliishi kwa kulaza wageni kwenye nyumba za watu wasiokuwepo.

Na tembe, ndugu zangu, halina huruma. Paa lake ni la udongo juu ya miti. Mvua za masika mbili zikipita bila mtu kupanda juu kuziba nyufa, maji yanaingia, miti inaoza, paa linashuka. Hiyo nyumba ya Kwihara ambayo wanafunzi wetu wanapelekwa kuiona leo ni iliyojengwa upya. Ile ya kwanza haikubaki, ingawa walilala humo watu ambao dunia nzima inawajua. Umaarufu wa aliyelala ndani haujawahi kuzuia paa kuvuja.

TULIVYOFIKA HAPA

Kwa vijana, niseme kidogo juu ya nyumba za kupanga nchini mwetu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini watu wanagombana. Mwaka 1962, nchi ikiwa na mwaka mmoja tu wa uhuru, serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na akawepo Msajili wa Majumba kuyasimamia. Mwaka 1990 ofisi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba. Miaka hiyo yote kodi za nyumba zilidhibitiwa na sheria. Mwenye nyumba hakuweza kupandisha apendavyo, na mpangaji hakuweza kutolewa hivi hivi. Lakini kodi ikiwa ndogo kuliko bei ya rangi, nani atapaka rangi? Majengo mengi ya mjini yaliyokuwa mazuri yalizeeka kwa sababu hiyo.

Sheria ya kudhibiti kodi ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo mpangaji na mwenye nyumba wanaongozwa zaidi na Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba walioandikiana. Ndiyo maana nasema mkataba ndio ukuta wa kwanza wa nyumba. Ukiwa mbovu, hizo kuta nyingine hazitakusaidia.

NILIYOJIFUNZA KWENYE MAJUMBA YA WATU

La kwanza: andika hali ya nyumba siku ya kukabidhi. Kabla mpangaji hajaingiza godoro, tunazunguka naye chumba kwa chumba. Vitasa vingapi, funguo ngapi, vioo vingapi vizima, swichi zipi zinafanya kazi, koki ipi inavuja, rangi ikoje. Tunapiga picha kwa simu, tunaandika, tunatia saini wote wawili. Inachukua nusu saa. Siku ya kutoka tunazunguka tena na karatasi ile ile. Ugomvi mwingi wa nyumba si wa watu wabaya. Ni wa watu wawili wanaokumbuka vitu viwili tofauti, na hakuna karatasi ya kuwaamulia.

La pili: tenga hela ya matengenezo kabla hujala. Tuchukue mfano. Nyumba ina vyumba sita, kila chumba shilingi 60,000 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni shilingi 360,000 kwa mwezi, na 4,320,000 kwa mwaka. Mwenye nyumba akiisikia hiyo milioni nne anaipangia kazi yote: ada, harusi, shamba. Lakini chumba kimoja kikikaa wazi miezi miwili, 120,000 imeshaondoka. Bado shimo la choo halijanyonywa, vitasa viwili vimekufa, na fisha bodi zimeanza kuoza. Wateja wangu nawaambia watenge fungu moja la kumi: katika 4,320,000, shilingi 432,000 zisiguswe. Anayekubali, nyumba yake baada ya miaka kumi bado inapangishika. Anayekataa, mwaka wa tano ananiuliza mbona wapangaji wazuri wanahama na wanaokuja ni wasumbufu. Jibu liko juu ya paa na chini ya sinki. Mpangaji mzuri ana uwezo wa kuchagua, na hachagui nyumba inayovuja.

La tatu: jua nani analipa nini, hadi shilingi ya mwisho. Nitoe mfano ambao wengi wenu unawagusa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa hiyo mpangaji anakatwa deni lisilo lake. Ni hela ndogo, na watu wanaona aibu kuidai. Lakini nimeona hela ndogo kama hiyo ikizaa maneno, maneno yakazaa kutolipana kodi, na kutolipana kodi kukazaa kesi. Mimi naiandika kwenye mkataba: kiasi kilichokatwa kwa mwaka kinarudishwa kwenye kodi ya kipindi kinachofuata. Mstari mmoja tu, ugomvi umekwisha.

La nne: usichukue sheria mkononi. Mpangaji amekaa miezi minne hajalipa, mwenye nyumba anasema, "Nenda ukang'oe mlango." Siendi. Kung'oa mlango, kutoa bati au kukata maji ili mtu ahame ni kosa, na siku ya kesi mwenye haki anageuka kuwa mkosaji. Kuna barua ya notisi, kuna serikali ya mtaa, kuna Baraza la Kata la kusuluhisha, na kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hiyo ni ndefu, inachosha, lakini ukiwa na mkataba na daftari unafika. Na mara nyingi hufiki huko. Mtu aliyeshindwa kulipa kwa kawaida amepata jambo: ameachishwa kazi, ameuguliwa. Ukimfuata mapema, mwezi wa kwanza, mnapanga namna ya kulipa kidogo kidogo, au anahama kwa heshima kabla deni halijamshinda. Ukingoja mwezi wa nne, wote mmeshakasirika.

NYUMBA ZETU ZA NYUMBANI

Sasa nije kwenye jambo linalouma zaidi. Wengi tuliomo humu tuna nyumba Ulyankulu, au Kaliua, au Tabora mjini, na tuko mbali nazo. Tumezijenga kwa kutuma hela kwenye simu: leo mifuko kumi ya saruji, mwezi ujao bati. Ndugu ndiye aliyesimamia, na ndugu ndiye anayeishi humo au anayepokea kodi.

Nasema kwa heshima ya wazee waliopo. Kwetu ukimwambia ndugu yako muandikiane, anahisi umemwita mwizi. Kwa hiyo hatuandikiani. Ndugu anaziba bati kwa hela yake, anachimba choo kipya kwa hela yake, anamlipa fundi. Wewe huku unajua tu kwamba miaka sita hujaona kodi. Yeye kule anajua tu kwamba miaka sita ameitunza nyumba yako bure. Siku mzazi akifariki, mnakutana msibani, na hesabu mbili ambazo hazijawahi kukutana zinakutana pale, mbele ya watu. Nimeletewa mambo ya namna hii na familia zaidi ya moja, na sijaona hata moja ambapo mmoja alikuwa mwizi. Wote walikuwa wanasema kweli, ila kila mmoja alikuwa na nusu yake.

Andikeni. Karatasi moja: nyumba ni ya nani, anayekaa anakaa kwa masharti gani, matengenezo ya kiasi gani anaweza kufanya bila kuuliza, na hela hiyo inahesabiwa vipi. Mpeni ndugu huyo malipo ya usimamizi, hata kidogo. Mgeni angekusimamia, ungemlipa. Kwa nini ndugu afanye bure, halafu umlaumu? Karatasi haiondoi undugu, inaukinga. Wapatanao ndio wagombanao, na wanaogombana bila karatasi hawajui pa kurudia.

Kwa sisi wa Ulyankulu jambo hili lina uzito wa pekee. Kuna familia zilizokuwepo tangu enzi za Mtemi Mirambo na kabla yake, na kuna familia zilizopokelewa kutoka Burundi mwaka 1972, makazi yetu yalipoanzishwa. Wenzetu hawa walijenga, wakalima mahindi na tumbaku, wakasomesha, wakatupa kwaya ya Barabara ya 13 inayoimbwa nchi nzima. Lakini walipoanza kupewa uraia, takribani watu 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, mpango wa kwanza ulikuwa kwamba wahame na kutawanywa mikoa mingine. Baadaye ikaamuliwa wabaki. Mtu anayeambiwa huenda atahama hajengi msingi wa mawe, na hapandi mwembe. Anaziba kwa turubai asubiri. Miaka ya kusubiri ile tunaiona mpaka leo kwenye nyumba na kwenye majengo ya umma. Ndiyo sababu nasema kujenga Ulyankulu sasa, kujenga kwa kudumu, ni neno kubwa. Ni kusema tupo na tutakuwepo.

NYUMBA YA WALIMU

Mwenyekiti ameshaeleza kwa nini tunaanza na nyumba ya walimu, nami sitarudia yote. Mwalimu anapangiwa shule ya kwetu. Anashuka na begi lake, anaulizia pa kukaa, anaonyeshwa chumba mbali na shule kisicho na siling wala maji. Wiki ya pili anaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho. Mtoto wetu wa darasa la tano habadilishiwi mwalimu kwa sababu mwalimu hapendi watoto. Anabadilishiwa kwa sababu mwalimu hana pa kulala. Nyumba pacha moja, familia mbili ukuta mmoja, inaweza kubakiza walimu wawili.

Lakini nimeomba nafasi hii niseme lifuatalo: tukijenga tu, tukakata utepe, tukapiga picha na kurudi mjini, tumefanya nusu ya kazi. Nyumba ya walimu ni nyumba ya watu wanaobadilika. Mwalimu anakaa miaka mitatu, anahama, anaingia mwingine. Kila anayeingia anakuta kitasa kimoja kimepungua. Hakuna anayejiona ni mwenye nyumba, na nyumba isiyo na mwenyewe inakufa haraka kuliko zote. Kwa hiyo naleta mapendekezo manne, na nimeomba yaandikwe kwenye muhtasari.

Pendekezo la kwanza ni makubaliano ya maandishi kabla ya msingi kuchimbwa. Nyumba itakuwa kwenye ardhi ya shule, kwa hiyo itakuwa mali ya umma chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kaliua, si mali ya chama. Sawa, hatujengi ili tupate kodi. Lakini tuandikiane na halmashauri na kamati ya shule: nani anaamua mwalimu yupi anaingia, nani anakagua, nani anatengeneza dogo na nani anatengeneza kubwa, na nyumba isigeuzwe ofisi au stoo. Wanasheria tunao humu ndani. Wajitolee siku moja.

Pendekezo la pili ni kujenga kwa kuangalia mazingira ya kwetu. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya Mbezi haijui mchwa wa Ulyankulu. Dawa ya mchwa iwekwe kwenye msingi kabla zege halijamwagwa, kwa sababu kuirudia baadaye ni gharama mara mbili. Mbao za kenchi zitiwe dawa. Upepo unaokuja na mvua za kwanza mnaujua. Paa lifungwe kwa nondo na waya hadi kwenye ukuta, lisitegemee misumari peke yake, na tusinunue bati jembamba kwa sababu ni rahisi. Tuweke gata na tangi. Mvua tunayo kuanzia Novemba hadi Aprili, na nyumba yenye maji mlangoni ni nyumba ambayo mke wa mwalimu hatamwambia mumewe wahame. Mafundi wawe wa nyumbani, kwa sababu miaka mitano baadaye kitasa kikikwama tutamwita aliyekiweka.

Pendekezo la tatu ndilo hasa linalohusu mifuko yenu. Katika kila shilingi 100,000 mtakayotoa leo, 90,000 ziende kwenye ujenzi na 10,000 ziende kwenye mfuko wa matunzo, kwenye akaunti yake yenyewe yenye watia saini watatu, mmoja akiwa anaishi Ulyankulu. Niwape hesabu yake. Mimi kwenye kazi natumia kipimo hiki: nyumba inahitaji kila mwaka matengenezo ya asilimia moja hivi ya gharama ya kuijenga. Tuseme nyumba imetumia milioni 60. Kwa mwaka ni 600,000. Mkitoa kama ninavyosema, nyumba ya milioni 60 itazaliwa na mfuko wa milioni sita na zaidi kidogo. Hiyo ni miaka kumi na zaidi ya matunzo, bei zikibaki zilivyo. Hazitabaki, tunajua. Lakini nyumba mpya haili sana miaka ya mwanzo, na mfuko ulio benki unaweza kuongezewa kila mwaka na wanachama wapya. Naelewa itachelewesha ujenzi kidogo. Watu watauliza mbona tumechanga hivi na ukuta bado haujafika lenta. Tuwajibu kwamba tunajenga na kesho yake pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hela ya kuziba ufa ni hii.

Pendekezo la nne ni kuwa na mtu mmoja. Si kamati ya watu tisa. Kamati iwepo ya kumsimamia, lakini awepo mtu mmoja anayekaa kule, mwenye daftari, anayepita kila baada ya miezi mitatu na orodha yake: paa, gata, siling, milango, choo, tangi. Apige picha, atume kwenye kundi letu la simu. Mwalimu akiingia au akihama, azunguke naye na kutia saini kama nilivyoeleza. Alipwe posho. Namjua kijana anayefaa kila kijiji cha kwetu, na ninyi mnawajua.

NENO KWA VIJANA

Nimeulizwa na vijana wawili pale mlangoni kama hii ni kazi ya kusomea. Ndiyo, na si mbali. Chuo cha Ardhi kiko Tabora mjini kwetu, kinafundisha mambo ya usimamizi wa ardhi, uthamini na usajili. Chuo Kikuu Ardhi kiko hapa Dar es Salaam. VETA nayo iko Tabora, na msimamizi wa nyumba aliyejifunza bomba au umeme hadanganywi na fundi. Lakini wengi tulio kwenye kazi hii tuliingia kwa mlango mwingine: kwa kuaminiwa na mtu mmoja na funguo moja. Ukirudisha hesabu iliyonyooka mara ya kwanza, wa pili anakuja mwenyewe. Miji yetu inakua, Kaliua inakua, Tabora inakua, na reli mpya inaelekea huko. Watu watahitaji pa kukaa, na wenye nyumba watahitaji mtu wa kuaminiwa. Msiikimbilie mjini kazi ambayo inakuja nyumbani.

Ndugu zangu, nimemaliza. Bahasha ziko mezani, na namba ya kutuma kwa simu iko kwenye ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki. Mimi nimeandika ahadi yangu na nimeigawa sehemu mbili kama nilivyosema, tisa na moja. Naomba na ninyi mfanye hivyo hivyo, hata kama ni shilingi elfu kumi: elfu tisa ya tofali, elfu moja ya kuliangalia tofali. Mhazini ameniambia atazisoma ahadi zote hadharani, kila moja na mafungu yake mawili.